Mama Brigitha na Python ya Zamani

Mzee Hermenegildi alipofika mahali pa kumkemea shetani aliyeingia kwenye kompyuta ya kituo cha afya, Theodosia aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Jumuiya wiki hiyo ilikuwa zamu ya nyumba yake. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki alivyoazima kwa jirani, na mbele yao, juu ya stuli iliyotandikwa kitambaa cheupe, mshumaa uliwaka pembeni ya picha ya Bikira Maria. Kila mtu alikuwa ameshatoa nia yake: mwenye mgonjwa, mwenye mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani, mwenye shamba lililoingiliwa na maji ya mto. Ndipo Mzee Hermenegildi, mwenyekiti wao, alipoikumbuka seva.

"Ee Bwana," alisema, na sauti yake ikafika barabarani, "kompyuta ile inatunza majina ya wagonjwa wako. Adui ameona wivu, ameizima. Mkono ule uliogusa nyaya Jumamosi, wewe unaujua, Bwana. Ufunue!"

"Twakuomba utusikie," waliitikia wote.

Theodosia naye aliitikia. Maneno yalipomtoka tu, joto lilimpanda kutoka shingoni hadi masikioni, kwa maana mkono uliokuwa unaombewa ufunuliwe ulikuwa umeshika rozari, mapajani mwake mwenyewe.

"Mkono wenyewe si tunaujua?" alinong'ona mama aliyekaa jirani yake. "Kijana wa Makame."

"Nyamaza, tunasali," alinong'ona mwingine. Kisha yeye mwenyewe akaongeza, "Nasikia alikuwa peke yake huko ndani."

Hakuwa peke yake. Theodosia alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale mkekani, na hakusema.

Sala zilipokwisha alipitisha chai na maandazi. Mzee Hermenegildi alipokea kikombe chake, akamtazama kwa upole. "Mama Brigitha, leo umepooza sana. Usiogope. Tumembana, hana pa kutokea."

"Asante, mzee," alijibu, akageuka haraka kwenda jikoni kutafuta sukari ambayo tayari ilikuwa mezani.

Mtaani walimwita Mama Brigitha kwa jina la binti yake wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kutoa dawa katika Kituo cha Afya cha Mama wa Shauri Jema, pembeni mwa mji wa Ifakara, na alikuwa ameifanya muda mrefu kuliko umri wa dirisha lenyewe la dawa. Dirisha lilibomolewa likajengwa upya, yeye akabaki. Watu walimjua kwa jambo moja. Hakuacha dawa iliyokwisha muda wake ikae rafuni hata siku moja. Kila mwanzo wa mwezi alishusha boksi moja moja, akasoma tarehe, akaondoa. Manesi walikuwa wakimbembeleza: "Mama Brigitha, hiyo acha, bado inafanya kazi, imepita wiki tu." Alikuwa anawajibu, "Iliyokwisha imekwisha," kisha anaitupa kwenye boksi la kuteketezwa. Siku moja mkaguzi wa dawa alimpa mkono mbele ya wafanyakazi wote, na siku hiyo alikwenda nyumbani akitembea wima.

Seva ilikuwa habari nyingine. Ilikaa katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi, boksi jeusi linalovuma kama friji. Ililetwa na kijana mmoja aitwaye Yasser, miaka ile mradi ulipokuwa na wafadhili. Aliandika programu ya kumbukumbu za wagonjwa, akamfundisha Vitus, karani wa mapokezi, kuingiza majina na vipimo. Mradi ukaisha, Yasser akahamia Morogoro mjini, seva ikabaki na mfumo wake wa Linux uleule wa siku ya kwanza. Hakuna aliyeigusa isipokuwa kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

Kisha mwaka huu Theodosia akajiandikisha darasa la jioni la kompyuta. Alikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote, mkubwa hata kuliko Mwalimu Bryson aliyewafundisha. Alisoma kwa njaa ya mtu aliyenyimwa shule akiwa mdogo, na kila somo alilianza kwa ishara ya msalaba chini ya meza ili vijana wasimcheke. Sista Wilhelmina, mkuu wa kituo, alipoona amejua kuzungumza na seva kwa amri za kuandika, alimkabidhi usimamizi wake na kutangaza kwenye kikao: "Sasa tuna mtaalamu wetu wenyewe." Theodosia aliinamisha macho kwa unyenyekevu. Moyoni, Mungu anajua, alivimba.

Siku moja Mwalimu Bryson aliwaeleza juu ya programu zilizozeeka. Alisema kila toleo lina siku yake ya mwisho. Siku hiyo ikipita, watengenezaji hawalizibi tena likitoboka, na wezi wa mtandaoni wanajua. Alisema mengi zaidi baada ya hapo, lakini Theodosia hakuyasikia. Masikio yake yalikuwa yamebaki kwenye siku ya mwisho. Jambo hilo alikuwa amelifanya maisha yake yote. Halikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Jumamosi aliingia chumba cha seva. Upande wa pili wa ukuta, Mudathiri, mtoto wa Makame mwenye duka la vitambaa, alikuwa anabadilisha nyaya za betri za sola. Theodosia alisali Salamu Maria moja, akaiuliza seva ina toleo gani la Python. Python ni lugha ya kompyuta. Programu ya Yasser iliandikwa kwa lugha hiyo, na bila Python kuwemo ndani ya seva, programu hubaki kama barua katika nyumba isiyo na anayejua kusoma. Seva ilimjibu kwa namba. Akaitafuta namba hiyo kwenye simu yake. Siku ya mwisho ya toleo hilo ilikuwa imepita zamani sana.

Aliona aibu kwa niaba ya kituo. Dawa iliyooza, rafuni, miaka yote hiyo! Akaamua kuiondoa, kisha aweke mpya.

Seva ilikataa. Ilimwandikia mstari juu ya mstari: kifurushi hiki cha programu kinaitegemea, na hiki kinaitegemea, na hiki pia, mpaka ukurasa ukajaa. Theodosia aliyasoma makatazo hayo kama alivyozoea kuwasikiliza manesi. Kwenye mtandao alikuwa ameona neno la kuongeza mwishoni mwa amri, neno la kuiambia mashine iache kuhesabu nani anamtegemea nani, iondoe tu. Akaliandika. Kabla ya kubonyeza alifumba macho: "Bwana, kama si mapenzi yako, nizuie." Akasubiri kidogo sana. Hakuona kizuizi chochote, isipokuwa ule ukurasa mzima wa makatazo uliokuwa mbele ya macho yake.

Akabonyeza. Python ya zamani ikaondoka kwa utulivu.

Alipoandika amri ya kuleta mpya, seva haikuweza. Ile programu ya kusakinisha vifurushi nayo ilikuwa imekufa. Akafungua programu ya wagonjwa. Haikufunguka. Akaandika tena, akakosea herufi, akaandika tena.

Mudathiri alichungulia mlangoni na koleo mkononi. "Shikamoo, Mama Brigitha. Nimemaliza huku. Umeme uko sawa humo?"

"Marahaba, baba. Uko sawa."

Alipoondoka, Theodosia aliizima seva, akafunga mlango, akaenda kanisani kupanga maua ya Jumapili kama kawaida yake.

Jumatatu Vitus aliwasha, akahangaika, akapiga kelele. Sista Wilhelmina alikuja, na manesi nyuma yake.

"Si Mudathiri alikuwa anachezea umeme hapa juzi?" alisema Vitus. "Kaiunguza huyo!"

Sista alimgeukia Theodosia. "Mama, wewe ulikuwepo. Ilikuwaje?"

"Alikuwa anabadilisha nyaya, Sista."

Hakudanganya hata neno moja. Baadaye, kila alipojaribu kusali, jambo hilo ndilo lililomchoma zaidi: kwamba aliuchagua ukweli mmoja mdogo ili aufunikie mwingine. Siku hiyohiyo Sista alimpigia Mudathiri simu kumwambia kuwa wodi mpya ya wazazi itafungwa umeme na fundi mwingine. Theodosia aliyasikia mazungumzo akiwa dirishani. "Hapana, mwanangu, sikulaumu," Sista alikuwa anasema. "Ila tumeogopa."

Jumatatu hiyo ilikuwa kliniki ya wagonjwa wa kifafa. Walikuja kutoka Mchombe, wengine Mang'ula, na Stumai alikuja na treni kutoka Chita, mwanamke mwembamba mwenye kovu la moto mkononi, la siku alipoangukia jiko zamani. Masika yaliyopita daktari bingwa aliyekuja kwa muda alimbadilishia kipimo, na tangu hapo hakuwa ameanguka. Kipimo kipya kilikuwa ndani ya seva. Kadi za karatasi zilikuwa zimewekwa stoo tangu Yasser alipokuja. Zilizotolewa siku hiyo zilikuwa na vipimo vya zamani. Daktari mwenyewe alishaondoka nchini, na simu yake haikupatikana.

"Aliongeza, mama," Stumai alisema dirishani. "Nakumbuka aliongeza. Dawa zenyewe zilikwisha nikatupa pakiti."

"Aliongeza vingapi?"

Stumai alifikiri, akacheka kwa haya. "Sikusoma, mama. Wewe ndiye ulikuwa unanihesabia."

Theodosia alikuwa amewahesabia watu wengi mno tangu masika. Alimtazama Stumai usoni, akajaribu kukumbuka, hakukumbuka. Dawa ya kifafa haitolewi kwa kubahatisha. Akampa kipimo cha zamani, kile kilichokuwa kikimwacha aanguke.

"Mashine ikipona nitakupigia simu," alimwambia.

"Mungu awabariki na kazi yenu," Stumai alijibu, akafunga dawa kwenye pindo la kanga.

Siku iliyofuata ndiyo jumuiya ilikutana kwake na kumkemea shetani.

Jumatano jioni alikwenda darasani, akakaa kiti cha nyuma ingawa siku zote alikaa mbele. Mwalimu Bryson alipouliza kama kuna swali, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kuna rafiki yangu yuko Mang'ula. Ana seva ya Linux ya zamani. Aliona Python yake imekwisha muda, akaiondoa."

"Akaiondoa ile iliyokuja na seva?"

"Ndiyo."

Mwalimu alishika kichwa kwa mikono miwili. Darasa likacheka.

"Mama, huyo rafiki yako mkali!" kijana mmoja alisema. "Ana seva Mang'ula na sisi hatumjui? Tupe namba zake!"

"Ngojeni," alisema Mwalimu Bryson, naye akizuia kicheko. "Mama, kwenye Linux za namna ile, Python ya zamani haitumiwi na programu yako peke yake. Ile programu inayosakinisha vifurushi imeandikwa kwa Python hiyohiyo. Ukiiondoa, umekata mkono ambao ungeutumia kuirudisha. Nilisema hapa, au sikusema? Ya zamani unaiacha ilipo. Mpya unaiweka pembeni, kila moja na njia yake. Seva unaificha isionekane na mtandao wa nje, halafu unahamisha mambo yako taratibu kwenye mashine mpya."

Theodosia alisikia kila neno safari hii. Rafu yenye dawa iliyokwisha na mpya pamoja: dirishani kwake hiyo ilikuwa dhambi, na hapa ndiyo ilikuwa hekima. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba sheria njema ya chumba kimoja inaweza kuua katika chumba kingine.

"Na seva si ilimkataza kwanza?" mwalimu aliuliza. "Huwa inakataza."

"Ilimkataza."

"Akalazimisha?"

"Akalazimisha."

Vijana walipiga meza kwa kucheka. Mmoja alisema, "Huyo rafiki apewe jeshi!" Theodosia alitabasamu pamoja nao, na tabasamu lile lilimuuma mashavuni.

"Inaponyeka?" aliuliza, sauti ikiwa chini.

"Inaponyeka vizuri kabisa. Taarifa hazijaguswa. Anatafuta kifurushi kilekile, toleo lilelile, kwenye diski ya usakinishaji ya mwanzo, anakirudisha kwa chombo kidogo cha chini ambacho chenyewe hakitegemei Python. Ila asiruhusu mtu kusakinisha upya seva nzima, maana hapo ndipo atafuta kila kitu. Na amwambie fundi ukweli alichokifanya. Asiposema, fundi atadhani ni ugonjwa mwingine."

Alitembea kwenda nyumbani akiomba njiani. Mwanzoni aliomba msamaha. Kufika kwenye daraja dogo, alijishtukia kwamba sala imegeuka: alikuwa anamwomba Mungu ampe nafasi ya kuingia chumba cha seva kesho asubuhi kabla ya watu, airudishe Python kimya kimya, wote waamke wakute imepona na washukuru jumuiya. Alisimama. Hiyo ilikuwa sala ya mwizi anayeomba mbwa walale. Lakini hakuiondoa. Aliendelea kutembea nayo.

Asubuhi alimfuata Sista ofisini. Tangu Jumatatu Sista alikuwa amechukua ufunguo wa chumba kile kwa kuogopa umeme.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele, amina. Karibu, mama."

"Naomba ufunguo, Sista. Nataka kuitazama tu."

"Hapana, mama yangu." Sista aliinuka, akamshika mikono yote miwili. "Ikikupiga shoti nitamweleza nini Brigitha? Wewe ndiye tunayekutegemea. Yasser atapiga simu saa nne, atamwelekeza Vitus. Mudathiri nimemwita aje asimame pale ahakikishe umeme hauleti balaa lingine. Wewe kuwa karibu tu, utusaidie kusali."

Theodosia alitoka. Angetukanwa, angejua la kujibu. Upole ule ulimwacha hana pa kujishikia.

Saa nne walikuwa wote katika kile chumba kidogo: Vitus kwenye kiti, Sista nyuma yake, Mudathiri pembeni ya soketi ameikunja mikono kifuani, na Theodosia mlangoni. Simu ilikuwa juu ya meza, sauti imefunguliwa.

"Shikamoo Sista, shikamoo Mama Brigitha," sauti ya Yasser ilisema. "Nimeshauriana na wenzangu. Kama umeme ulipiga, diski imeathirika, tutapoteza siku nyingi kutafuta. Vitus, umeweka ile diski yangu ya usakinishaji?"

"Nimeweka. Inaniuliza kama nisakinishe upya."

"Na nakala ya akiba ya mwisho ni ya lini?"

Vitus alikuna kichwa. "Kabla ya masika, kaka. Baada ya hapo nafasi ilijaa."

"Basi ya tangu masika tumeyapoteza. Pole sana, Sista. Kubali hapo, itafuta diski yote na kuanza upya."

"Mungu ndiye anajua," alisema Sista.

Mudathiri alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Na itasemwa mimi ndiye niliyeyapoteza. Sawa."

Theodosia aliona kidole cha Vitus kikishuka. Akilini aliona pindo la kanga ya Stumai lililofungwa dawa. Alitaka kuomba, maneno ya sala hayakuja. Lilikuja jambo moja tu la kufanya, na lilikuwa la aibu kuliko yote aliyowahi kufanya mbele ya watu.

"Usibonyeze, Vitus."

Vitus aligeuka. "Eh?"

"Usibonyeze. Umeme haukupiga. Ni mimi. Niliondoa Python."

Kidole cha Vitus kilibaki hewani.

"Nani anaongea?" Yasser aliuliza.

"Ni mimi, baba. Theodosia. Jumamosi niliona imekwisha muda wake nikaiondoa, nilitaka kuweka mpya. Mudathiri alikuwa upande wa pili. Hakugusa kitu humu."

"Python ya mfumo? Mama, haiwezekani, ingekukatalia."

"Ilinikatalia. Nililazimisha."

"Uliongeza lile neno la..."

"Niliongeza."

Yasser alivuta pumzi, wote wakaisikia. "Basi msifute kitu. Vitus, jibu hapana, toa mkono kwenye kibodi. Mama, kwa nini hukusema tangu Jumatatu? Nimekaa siku zote hizi nafikiria diski!"

"Niliona haya, baba."

Lilikuwa jibu dogo mno kwa kosa kubwa, na aliusikia udogo wake likiwa bado mdomoni. Hakumtazama Sista. Alimwona Mudathiri akiikunjua mikono, akimtazama kama mtu anayejaribu kumtambua.

"Kwa hiyo lile jini la mtaa wenu limepatikana," alisema kijana.

Vitus alitaka kucheka, akajikohoza.

"Vitus, inuka," Yasser alisema. "Mama akae. Yeye ndiye anayejua alichokitoa."

Akakaa. Kiti kilikuwa na joto la mwenzake. Waliiwasha seva upya kwa njia yake ya kawaida, na Yasser akamwelekeza polepole: fungua diski ile ya mwanzo, tafuta kifurushi chenye jina hili na namba hii, si kingine kinachofanana nacho, toleo lilelile. Aliandika, na kila alipokosea herufi watu watatu nyuma yake walisubiri. Alipobonyeza mara ya mwisho, seva haikukataza kitu. Mistari michache ilipita. Akafungua programu ya wagonjwa, na majina yakashuka kwenye kioo, kama yalivyokuwa Ijumaa.

Alitarajia moyo wake uruke. Haukuruka. Hakuna aliyepiga makofi pia.

"Imerudi?" Yasser aliuliza.

"Imerudi," alisema Vitus.

"Asante Mungu. Sasa ile ya zamani isiguswe tena. Vitus, chomoa waya wa mtandao wa nje, ibaki ya humo ndani tu. Toa nakala ya akiba leo, usiniambie nafasi imejaa. Mimi nilitakiwa kuwahamisha zamani, nilijua imezeeka nikanyamaza. Nitakuja, tuhamishe taratibu kwenye mashine mpya. Nani atakuwa ananisaidia hapo? Mama Brigitha?"

"Tutaona," alisema Sista.

Simu ilipokatika, Sista alimgeukia Mudathiri kwanza. "Mwanangu, nimekukosea. Wodi ile ni kazi yako, kama bado unaitaka."

"Naitaka, Sista. Ila mtaani je? Baba yangu ameambiwa na wateja dukani kwamba mimi nimekemewa kwenye maombi."

"Nitawaambia mimi," alisema Theodosia. "Nitawaambia wote, mmoja mmoja. Nisamehe, mwanangu."

Mudathiri alichukua koleo lake. "Mama yangu alikuwa ananileta dirishani kwako nina homa, unanibembeleza nimeze ile dawa chungu. Ungeniambia tu, mama. Ningekubebea nusu." Akatoka. Hakusema amesamehe, wala hakusema hakusamehe.

Sista alibaki amesimama. "Nilikuuliza ilikuwaje," alisema. "Mimi ndiye niliyekuuliza, mbele ya watu, na wewe ukanijibu kwa utulivu."

"Ndiyo, Sista."

"Hilo ndilo linaloniuma. Seva ni chuma." Akaangalia kioo. "Kuna mgonjwa gani anayesubiri?"

"Stumai wa Chita."

"Mpigie hapahapa."

Theodosia alitafuta jina, akaona kipimo. Daktari alikuwa ameongeza sana, kuliko hata alivyodhani. Akapiga. Simu iliita muda mrefu, kisha sauti ikaja na upepo wa shambani.

"Haloo? Mama wa dawa?"

"Ndiyo mimi. Hujambo, Stumai?"

"Sijambo, mama, shikamoo. Nimeanguka jana."

Theodosia alishika ukingo wa meza. "Umeumia?"

"Kidogo tu, mdomo. Nilikuwa kwenye tuta la mpunga, nikaangukia matopeni. Wenzangu walinigeuza. Ningekuwa jikoni, basi tena. Mashine imepona?"

"Imepona." Sista alikuwa nyuma yake, na angeweza kuishia hapo. "Stumai, haikuwa inaumwa. Mimi ndiye niliiharibu, nikakaa kimya. Ndiyo maana ulipewa kidogo. Ndiyo maana umeanguka."

Upepo ulivuma kwenye simu. Watu walikuwa wanaongea kwa mbali, mtu anaita ng'ombe.

"Stumai?"

"Nipo, mama. Nasikia." Sauti haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka. "Hayo tutaongea siku nikija. Sasa nihesabie. Nimeze vingapi?"

Theodosia alifuta macho kwa kiganja ili aone kioo vizuri. Alisoma mstari ule mara mbili, akausoma tena kwa kidole, na ndipo akaanza kumhesabia, polepole, vya asubuhi kwanza kisha vya jioni, akimwomba arudie kila alichosikia.